Jua la Mlimani Limeniunguza Uso, Mashoga Zangu Wananicheka

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitaje. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani, uso wote unabanduka kama ganda la kitunguu, na keshokutwa natakiwa kazini.

Ilikuwa hivi. Kikoba chetu tuko kina mama kumi na mmoja. Kila mwaka tukivunja kikoba tunashona vitenge sare, tunapika pilau, tunacheza muziki, basi. Mwaka huu mmoja wetu akasema tufanye kitu cha kukumbukwa, tupande Mlima Kilimanjaro karibu na Desemba 9, siku ya Uhuru. Tukaenda saba, njia ya Marangu, siku sita. Mazoezi tulifanya miezi mitatu. Tukanunua makoti, glavu, soksi nzito, kila kitu cha baridi. Jua hakuna aliyeliwaza. Nani anawaza jua anapokwenda kwenye barafu?

Siku mbili za kwanza zilikuwa za msitu na ukungu. Siku ya nne tulipotoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Kibo tukaingia lile jangwa lililo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Hakuna mti, hakuna jani, na mawingu yote yako chini yetu. Jua lilikuwa jeupe kabisa, lakini upepo ulikuwa wa baridi kiasi kwamba ukivua glavu vidole vinakufa ganzi. Mimi nikavua mzula na kufungua shingo ili picha zitoke vizuri, na glavu nikawa navua navaa kila nikishika simu. Usoni nilijipaka mafuta ya mgando tu mashavu yasipasuke. Kulikuwa na mpagazi mmoja kijana, mzula umeshuka hadi kwenye nyusi, kitambaa kimepanda hadi puani, miwani myeusi, hata masikio huyaoni. Tulimtania sana, tukamuuliza anakwenda kuvamia benki gani.

Saa sita usiku tukaanza kupanda kileleni. Jua lilitukuta karibu na Gilman's Point, na asubuhi tukafika kilele cha Uhuru. Nililia, Anti. Tulipiga picha mpaka kiongozi akatukaripia, theluji inametameta kila upande. Tukashuka Kibo, tukapumzika kidogo, tukaunganisha hadi Horombo siku hiyo hiyo.

Jioni uso ukaanza kuwaka kama umepakwa pilipili. Sikulala. Asubuhi macho yamevimba, mashavuni na puani malengelenge madogo madogo, masikio hayagusiki, kisogo na migongo ya mikono hivyo hivyo. Shoga yangu mmoja akanipaka dawa ya meno. Ilipoza kama dakika mbili, halafu nikatamani kulia.

Kinachoniuma kuliko uso ni vicheko. Wenzangu wote sita wameshuka wazima, mmoja tu midomo ilipasuka. Mimi wameniita "mzungu wa kikoba" mpaka Moshi stendi. "Mwafrika gani anaunguzwa na jua?" Nikawaambia ni baridi ya mlima. Mume wangu nimemwambia hivyo hivyo.

Anti, ukweli ni kwamba natumia mkorogo. Mwaka wa tatu sasa. Nachanganyiwa na dada mmoja, kopo halina lebo, napaka kila usiku usoni, shingoni na mikononi. Asubuhi kabla ya kuoga najisugua uso kwa ndimu na sukari. Mume anajua natumia "losheni nzuri". Wenzangu nadhani wanajua, maana viungo vya vidole vyangu vimegoma kung'aa, ila hawajawahi kuniambia. Na kidevuni zilinitoka chunusi, duka la dawa wakanipa doksi, nilikuwa nameza hata mlimani.

Yule dada nilimtumia picha. Kasema ana kopo jingine kali zaidi la kufuta madoa, nianze mara moja kabla weusi haujakaa. Kwa kweli ninapobanduka chini kunatoka pinki, na pembeni kunakuwa kweusi tii.

Nifanye nini uso upone? Hilo kopo la pili nilinunue? Halafu mwisho wa Februari tunakwenda Mafia na familia zetu kuwaona papa potwe, watoto wameshaambiwa na kila siku wanauliza zimebaki siku ngapi. Niende au nitafute sababu? Na mume wangu nimwambieje?

Niliyeficha uso, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza hongera. Mita 5,895 si mchezo, na wengi waliokwenda na makoti mazuri kuliko yako wamerudia njiani. Hilo likae peke yake, tusilichanganye na mengine.

Tuanze na uso, kwa sababu ndio unaouma. Kopo jipya usilinunue, na lile la zamani usilipake juu ya ngozi iliyochubuka, hata kidogo. Ndimu iache leo. Doksi nitairudia. Osha uso kwa maji ya kawaida yasiyo moto, kwa mkono wako, si kwa dodoki wala taulo. Sabuni kama ni lazima iwe isiyo na manukato. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu. Sasa hivi yanafaa, kwa sababu joto limeshatoka na ngozi inataka kitu cha kuifunika. Paka mara tatu, nne kwa siku. Ngozi inayobanduka usiivute. Najua mkono unawasha, na ile ncha inayoning'inia puani inakuita kila ukipita kwenye kioo. Ikate kwa mkasi mdogo msafi au iache ianguke yenyewe. Ukivuta unaondoka na ngozi ambayo haikuwa tayari, na hapo ndipo doa linapozaliwa.

Lengelenge ambalo bado limesimama liache lisimame. Lile gamba la juu ndilo bandeji bora kuliko utakayoinunua. Lililopasuka lioshe, lipake mafuta, lifunike kwa kitambaa safi ukitoka nje. Likitoa usaha, au wekundu ukianza kutambaa kwenda pembeni, au homa ikaingia, usiniandikie mimi, nenda hospitali. Na macho: kama bado yanauma, yanatoa machozi au unaona kama una mchanga ndani, yaonyeshe leo. Theluji huunguza hata mboni.

Haya, sasa nikuambie ulichotakiwa kufanya jioni ile Horombo, maana hujamaliza kupanda milima na kuna mwingine anasoma hapa na mgongo unamwaka. Ukisikia tu ngozi inaanza kuwaka, toka juani. Chukua kitambaa, kiloweshe maji ya baridi, kiweke juu ya sehemu iliyoungua dakika kumi, kumi na tano, rudia. Maji ya baridi, si barafu. Barafu ukiigandamiza kwenye ngozi iliyoungua unaiunguza mara ya pili kwa upande wa pili. Kunywa maji mengi, kwa sababu ngozi iliyoungua inavuta maji ya mwili kuja juu. Panado inasaidia maumivu. Wengine humeza ibuprofeni, na kweli inapunguza uvimbe, ila mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu, mjamzito, au mtu aliyeishiwa maji baada ya kutembea kutwa asiiguse bila kuuliza. Ukipoa, paka shubiri iliyokamuliwa kwenye jani, au losheni yoyote nyepesi isiyo na harufu. Mafuta mazito, ya nazi, ya mgando, ya kupikia, yote yasubiri. Ukiyapaka ngozi ikiwa bado inawaka unafunika sufuria likiwa jikoni.

Dawa ya meno sijui nani aliwafundisha Waswahili. Imewekwa mnanaa ndio maana unasikia ubaridi, kisha inakauka, inavuta ngozi na kuichoma. Iko kundi moja na ute wa yai na unga wa ngano. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na nimeosha nyuso zenye chapati nzima juu yake.

Mtu aliyeungua na jua akianza kutapika, kuzunguzwa, kuongea maneno yasiyoeleweka, au kutetemeka kwa homa, hiyo si ngozi tena. Mwili mzima umezidiwa na joto. Mpelekeni hospitali haraka.

Sasa tuje kwa wale wanaokucheka.

"Mwafrika haungui na jua" ni neno ambalo lina nusu ya ukweli, ndiyo maana haliishi. Ile rangi iliyo ndani ya ngozi yetu, melanini, inazuia kweli mionzi inayounguza. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba ngozi nyeusi sana ina kinga ya kama SPF 13, kile kipimo cha kuzuia jua kinachoandikwa kwenye losheni, wakati ile nyeupe ni kama 3. Ni paa, basi. Lakini ni paa la makuti, si la zege. Mvua ya kawaida linaizuia, masika yakija kwa nguvu linavuja. Shoga yako aliyepasuka midomo ndipo lilipovuja kwake, kwa sababu midomo haina rangi ya kutosha. Na mtu mweusi anapoungua hawi mwekundu kama nyanya, ndiyo maana hatutambui. Anahisi joto, ngozi inabana, kunauma ukigusa, baada ya siku mbili anakuwa mweusi zaidi, baada ya wiki anabanduka, na wote wanasema "umepigwa na jua" kana kwamba ni jambo jingine.

Wewe, mwanangu, ulikwenda kwenye mvua ya masika baada ya kuyatoa makuti mwenyewe, moja moja, usiku baada ya usiku, kwa miaka mitatu. Kazi ya mkorogo ndiyo hiyo. Hidrokwinoni inazuia ngozi isitengeneze rangi. Steroidi, zile za jamii ya klobetasoli na betamethasoni ambazo ni dawa za hospitali, zinafanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Halafu kuna makopo yenye zebaki. Huna lebo, kwa hiyo hujui una kipi kati ya hivyo, au una vyote. Na zile chunusi za kidevuni nina wasiwasi nazo hizo hizo, steroidi zinajulikana kwa kutoa chunusi.

Ukazitibu chunusi kwa doksi. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hata asiyejua mkorogo unafananaje inamhusu. Doksisaiklini ni dawa nzuri, inatibu mengi, lakini inaifanya ngozi ichokozeke na jua. Mtu anayemeza doksi anaweza kuungua kwa muda ambao siku nyingine asingehisi kitu. Muuza dawa alipaswa kukuuliza unakwenda wapi. Mrudie au muone daktari, muulize kama unahitaji kuendelea nayo.

Na ndimu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaungua kwa namna yake kabisa, inatoa malengelenge na baadaye mabaka meusi yenye umbo la matone yalivyotiririka. Ndimu na jua havikai nyumba moja. Hata anayekamua ndimu nyingi ufukweni kwa ajili ya juisi anatakiwa kunawa mikono.

Kwa hiyo mkorogo, ndimu, doksi, halafu mlima. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza, inaongezeka kwa kama asilimia 10 hadi 12, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Kileleni ulikuwa unapigwa kwa zaidi ya mara moja na nusu ya unavyopigwa pale kituo cha daladala. Theluji ikiwa mpya hurudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo, ndiyo maana watu huungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua. Na ubaridi ndio uliokudanganya. Joto unalolisikia na mionzi inayounguza ni vitu viwili. Upepo unaweza kukugandisha vidole huku jua linakuchoma, na ngozi haipigi kelele muda ule ule. Inachukua saa kadhaa kuanza kuuma, na maumivu yanafika kileleni kati ya saa 12 na 24. Ulipoanza kuwaka jioni, uliungua mchana.

Yule mpagazi mliyemtania alilijua hilo bila kusoma popote. Anapanda huko mara ngapi kwa mwaka? Nenda Paje au Jambiani ukawaangalie kina mama wa mwani. Wako majini kutwa, na kila kitu kimefunikwa, mikono mirefu, kanga kichwani, kofia ya ukili juu ya kanga. Wanaoishi na jua wanajifunika. Wanaolitembelea ndio wanaovua.

Sasa kopo. Serikali ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni muda mrefu, na vipodozi sasa viko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini wewe na mimi tunajua yanavyouzwa. Sitakuhubiria kuhusu kujikubali. Una miaka 34, umeyasikia hayo, na kama yangetosha usingekuwa na kopo. Nakueleza tu linakokwenda. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu, ngozi hulipiza. Inaweza kutoa mabaka ya buluu-nyeusi mashavuni ambayo hayafutiki kwa kopo lolote, na mtu huongeza dozi kuyafuta, kama unavyoshauriwa wewe sasa, na yanazidi. Zebaki inaharibu figo, tena haibaki kwako peke yako. Inabaki kwenye mto, kwenye taulo, kwenye shavu la mtoto anayekulalia.

Lakini, na hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika, usilitupe kopo leo ukadhani umemaliza. Kama lina steroidi kali na umepaka kila usiku miaka mitatu, mwili umelizoea. Ukiacha ghafla uso unaweza kuwaka, kuvimba, kutoa vipele kuliko mwanzo, na wengi hapo hukimbilia kupaka tena wakiamini bila hilo hawaishi. Kuwaka kule hakumaanishi unalihitaji. Kunamaanisha unahitaji daktari wa kukushusha taratibu. Nenda kliniki ya ngozi wiki hii, Muhimbili wanayo, na nenda na kopo lenyewe. Usione aibu kulitoa kwenye mkoba. Madaktari wa ngozi wa Dar es Salaam wameona makopo mengi kuliko muuzaji wako. Mwambie unapaka wapi, mara ngapi, tangu lini, na kama una mimba au unanyonyesha umwambie hilo kwanza.

Weusi wa pembeni unaouona sasa ni kawaida ya ngozi yetu ikishaumia. Unafifia wenyewe kwa miezi, mingine mitatu, mingine sita au zaidi, ukiwa na sharti moja tu: jua lisiligonge tena hilo eneo. Ngozi ya pinki iliyotoka jana haina kinga yoyote. Keshokutwa ukienda kazini, fika kabla jua halijapanda, vaa kofia pana au mtandio, beba mwavuli. Ndiyo, mwavuli Desemba bila mvua. Watakaokucheka uwaambie Anti kasema.

Tukija Mafia. Nenda. Watoto wameshaambiwa, na papa potwe huwaoni Kariakoo. Umebaki na zaidi ya miezi miwili, uso utakuwa umejifunga. Lakini jua la Mafia mwisho wa Februari si la kulifanyia utani. Wakati huo jua linapita karibu kabisa juu ya utosi kwa Dar es Salaam na Mafia. Saa sita mchana kivuli chako kitakuwa chini ya nyayo. Kipimo changu ni hicho: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, kaa chini ya kitu. Boti iwe ya asubuhi na mapema, na muulize mwenye boti kabla hujalipa kama ina turubai.

Ukimuona papa potwe majini unalala kifudifudi, macho chini, na unasahau kila kitu. Mgongo, nyuma ya shingo na nyuma ya magoti vinatazama jua, na maji yanakupoza usijue. Hapo ndipo wageni wanapoungua wakashindwa kukaa kwenye kiti cha ndege. Vaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana ya kuogelea, wewe na watoto, na baba yao pia. Nguo haifutiki, haihitaji kupakwa upya, na haimwagiki baharini. Kama huna ya kuogelea, fulana yoyote nzito ya rangi iliyokolea inafaa. Iinue mbele ya taa kwanza: ukiona vidole vyako kupitia kitambaa, jua nalo litapita. Kanga nyepesi nyeupe iliyolowa ni kama hujavaa.

Palipobaki wazi, paka losheni ya kuzuia jua, hiyo wanayoiita sanskrini. Tafuta SPF 30 au 50, iliyoandikwa kwamba inazuia UVA na UVB, aina zote mbili za mionzi hiyo ya jua. 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, 50 kama 98, kwa hiyo usifilisike kutafuta 100. Watu wanakosea kwenye kiasi. Uso na shingo ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Mwili mzima wa mtu mzima ni nusu ya kile kikombe kidogo cha kahawa ya kijiweni. Ukipaka kitone kama unavyopaka manukato, 50 yako imekuwa 10. Paka nusu saa kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka majini hata kama imeandikwa haitoki. Masikio, kisogo, juu ya miguu na migongo ya mikono usivisahau. Midomo ina yake ya kupaka yenye SPF. Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na liwa havizuii jua kwa kiwango hicho, ingawa liwa naipenda kwa mambo mengine.

Zile zenye oksidi ya zinki hazichokozi ngozi iliyoumia, lakini zinaacha weupe, unaonekana umetoka kusaga unga. Kwa ngozi yetu tafuta yenye rangi ya kahawia. Ile rangi yenyewe, oksidi ya chuma, inasaidia kuzuia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa meusi. Ukikosa, vumilia weupe. Jaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili kabla ya kupaka uso mzima.

Na kama kuna mtoto au ndugu mwenye ualbino katika hizo familia za kikoba, yeye ndiye wa kwanza kufikiriwa, si wa mwisho. Huyo hana hata kuti moja, na kwake jua ni saratani, si kubanduka tu. Pale pale Moshi mlikopita, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi ambako ilianza kutengenezwa losheni ya jua kwa ajili yao.

Lililobaki ni mume. Mtu anayelala kitanda kimoja na wewe miaka mitatu hajui harufu ya lile kopo? Anajua, mwanangu. Anasubiri umwambie, au amechoka kusubiri. Mwambie kabla ya kwenda kliniki, si baada, na usianze na historia ndefu. Mwambie: si baridi iliyoniunguza, ni jua, na liliniunguza kwa sababu ya ninachopaka, na Alhamisi nakwenda kwa daktari. Kisha nyamaza, mwache aongee. Akikasirika kuhusu uongo, ana haki. Akisema yeye ndiye aliyesifia weupe wako, basi na yeye ana la kujibu, na mtakuwa na mazungumzo marefu kuliko safu yangu. Utamhitaji pia Mafia, kwa sababu hakuna mwanamke aliyewahi kujipaka losheni katikati ya mgongo wake mwenyewe.

Wenzako wa kikoba huna haja ya kuwaeleza chochote. Ila siku mkipanga mizigo ya Mafia, waulize wote mmoja mmoja wamebeba nini cha jua. Yule wa dawa ya meno muanze yeye.

Kopo lifunike vizuri, liweke kwenye mkoba sasa hivi kabla hujalala. Ndimu zilizobaki jikoni zikamulie samaki.

Wako, Anti